Mfumo wa maji ya moto wa kubebeka kambini

Mfumo wa maji ya moto wa kubebeka ni seti ya vifaa vya kupasha, kutunza na kutoa maji ya moto mahali pasipo na bomba wala umeme wa gridi. Hutumiwa hasa na watu wanaosafiri kwa magari yanayomudu njia mbaya na kulala kwenye mahema: watalii na madereva wao, wapima barabara, watafiti wa madini na wanyamapori, mafundi wa visima, na familia zinazosafiri mbali. Mfumo unaweza kuwa mdogo kama birika na ndoo yenye koki, au mkubwa kama hita ya gesi inayolishwa na pampu ya umeme wa gari.

Watu wengi hudhani ugumu wa jambo hili uko kwenye kupasha maji. Kwa kweli kupasha maji ya kuoga ya mtu mmoja kunahitaji nishati kidogo. Magumu ni mengine: kupata maji yenyewe, chumvi iliyomo ndani yake, kuyachanganya bila kumuunguza mtu, na moshi au gesi inayobaki mahali watu wanapolala.

Mazingira ya Ihanja

Ihanja ni kata ya Wilaya ya Ikungi katika Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wanyaturu, wanaolima alizeti, mtama, uwele na mahindi. Mvua ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, na ndiyo miezi ambayo magari hupita kwa urahisi na watu hupiga kambi.

Mkoa huu uko kwenye njia za safari ndefu. Magari yanayotoka Dodoma kwenda Kanda ya Ziwa hupita Ikungi, na yale yanayotoka Arusha kupitia Babati na Katesh huingia mjini Singida. Kutoka Mkiwa, katika wilaya hiyohiyo ya Ikungi, barabara huelekea kusini kupitia Itigi na Rungwa hadi Makongolosi upande wa Mbeya. Njia hiyo hupita kwenye vichaka vya Itigi na karibu na Pori la Akiba la Rungwa, ambako makazi ni machache.

Mambo matatu ya eneo hili huathiri moja kwa moja upashaji wa maji. Kwanza ni mwinuko. Uwanda wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Pili ni upepo. Singida inajulikana kwa upepo wake mkali, na upepo huo huondoa joto la jiko kabla halijafika kwenye sufuria, kisha humpoza anayeoga. Tatu ni baridi ya Juni na Julai, ambapo halijoto ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 15 na maji yaliyolala kwenye dumu huwa baridi vilevile asubuhi.

Maji kiasi gani, joto kiasi gani

Mtu anayeoga kwa ndoo na kopo hutumia lita 5 hadi 8. Anayeoga kwa shawa yenye pampu ndogo, inayotoa lita 3 au 4 kwa dakika, hutumia lita 9 hadi 12 kwa dakika tatu. Kambi ya watu wanne inayooga mara moja kwa siku na kuosha vyombo kwa maji ya vuguvugu huhitaji basi lita 40 hivi kwa shughuli hizo pekee, mbali na maji ya kunywa na kupikia. Lita 40 ni kilo 40. Uzito huo ukiwekwa kwenye keria juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye makorongo. Mahali pake ni chini, kati ya magurudumu.

Maji ya kuoga yanayompendeza mtu mzima yana nyuzi 38 hadi 40. Kupasha lita 10 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji takriban kilojuli 840, yaani chini ya robo ya uniti moja ya umeme. Nishati hiyo inapatikana kwa gramu 30 hivi za gesi ya kupikia kwenye hita inayofanya kazi vizuri. Mtungi wa kilo 6, ambao ni wa kawaida katika maduka ya Tanzania, unaweza hivyo kupasha maji ya bafu takriban 200 za namna hiyo, mradi upepo usizuie moto.

Hesabu yenye faida zaidi ni ile ya kuchanganya. Lita moja ya maji yanayochemka Singida ikichanganywa na karibu lita 2.75 za maji ya nyuzi 20 hutoa maji ya nyuzi 40. Kwa hiyo birika moja la lita 5 hutosha kutengeneza karibu ndoo nzima ya lita 20 ya maji ya kuoga. Asubuhi ya Julai, maji ya dumu yakiwa na nyuzi 15, lita moja ya moto huchukua zaidi kidogo ya lita 2 za baridi. Msafiri anayefahamu hesabu hii hahangaiki kupasha maji yote. Hupasha robo au theluthi yake tu.

Wakati wa kuchanganya, maji ya baridi hutangulia kwenye ndoo na ya moto hufuata. Anayetanguliza ya moto huacha kwa dakika kadhaa ndoo inayoweza kumuunguza mtoto anayepita. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Maji hupimwa kwa kiwiko au upande wa ndani wa mkono, si kwa vidole, kwa kuwa vidole vya mpishi au fundi vimezoea joto.

Ndoo ya safari

Mfumo wa zamani katika Afrika Mashariki, na ambao bado unatumika katika kambi za kuhamahama za Serengeti na kwingineko, ni ndoo au mfuko wa turubai unaotundikwa juu ya mti au nguzo nyuma ya hema. Chini yake kuna koki na kichwa cha shawa. Maji hupashwa jikoni, huchanganywa kwenye ndoo ya kawaida, humiminwa kwenye mfuko ukiwa umeshushwa, kisha mfuko huvutwa juu kwa kamba inayopita kwenye kapi. Anayeoga hujilowesha, hufunga koki, hujipaka sabuni, kisha hufungua tena kujisuuza. Kwa utaratibu huo lita 10 hutosha, na kwa aliyezoea hubaki.

Kwa kambi ya siku mbili tatu mfumo huu ni vigumu kuushinda. Hauna pampu ya kuharibika wala waya, na ukitoboka hushonwa. Udhaifu wake ni kamba na tawi. Lita 20 zikianguka kutoka urefu wa mita mbili zinaweza kumjeruhi mtu, kwa hiyo kamba hufungwa kwenye tawi bichi lililo hai au kwenye fremu ya chuma ya gari, si kwenye tawi kavu.

Chanzo cha moto ndicho kinachobishaniwa. Kuni ni desturi, lakini miti ya eneo la Ikungi hukatwa pia kwa mkaa na kwa mashamba, na wageni wanaochoma magogo usiku kucha ili kuoga huwaachia wenyeji safari ndefu zaidi ya kutafuta kuni. Katika hifadhi za taifa wageni hawaruhusiwi kukusanya kuni. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na jiko la gesi la kambini linaingia humohumo. Jiko lolote litakalotumika likingwe na upepo kwa bati au ubavu wa gari. Nyasi kavu zinazolizunguka zifyekwe, maana kwenye upepo wa Singida cheche moja hufika mbali.

Kupasha kwa jua

Mfuko mweusi wa plastiki wa lita 20 ukilazwa juani kwenye boneti au paa la gari tangu saa nne asubuhi huwa na maji ya kuoga baada ya saa tatu hivi, siku isiyo na mawingu. Katika miezi ya kiangazi Ihanja hupata siku nyingi za namna hiyo. Tatizo ni saa za matumizi: jua huyapasha maji mchana, wakati mtu anahitaji kuoga jioni au alfajiri. Mfuko ukiachwa wazi hadi usiku, upepo huyapoza. Kwa hiyo mfuko uliokwisha kupata joto huviringishwa ndani ya blanketi au godoro jembamba kabla jua halijashuka.

Namna nyingine ni bomba jeusi la inchi 4 linalofungwa kwenye keria. Bomba la urefu wa mita 1.8 huchukua takriban lita 15. Hujazwa asubuhi, hupata joto gari likitembea, na maji hutoka kwa uzito wake kupitia koki iliyo nyuma. Wako wanaoweka vali ya tairi na kulijaza hewa kwa pampu ili maji yatoke kwa nguvu. Hilo halifai kwa bomba la PVC. Plastiki hiyo hulegea ikipata joto, na ikipasuka kwa hewa iliyobanwa hutawanya vipande vyenye ncha kali. Bomba la namna hiyo huachiwa tundu dogo la hewa juu na kufanywa kazi bila shinikizo.

Joto la injini

Gari lililotoka kutembea lina joto jingi lisilotumika. Maji ya rejeta ya injini iliyokwisha kupata moto huwa na nyuzi 80 hadi 90. Kifaa kiitwacho kibadilishajoto hulitumia joto hilo bila kuyachanganya maji mawili: ni boksi dogo lenye sahani nyembamba za chuma, ambapo maji ya injini hupita upande mmoja wa sahani na maji ya kuoga upande wa pili. Pampu ya volti 12 huvuta maji kwenye ndoo au dumu, huyapitisha kwenye kibadilishajoto, na kuyatoa kwenye shawa. Mfumo huu ni maarufu sana Australia. Tanzania huonekana zaidi kwenye magari ya watalii wanaozunguka Afrika, na mara mojamoja kwenye Land Cruiser za kampuni za safari.

Kibadilishajoto huunganishwa kwenye mipira miwili inayopeleka maji ya injini kwenye hita ya ndani ya gari. Njia hiyo hupendelewa kwa sababu maji hupita humo hata themostati ikiwa imefunga. Katika baadhi ya magari ya kazi ya nchi za joto hita hiyo iliondolewa au mipira yake ilizibwa, kwa hiyo fundi huanza kwa kuangalia kama njia ipo. Kazi hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke, na wengi wameungua uso kwa namna hiyo.

Mipira mipya huwekwa mbali na feni, na bomba la ekzosi, na kona kali za bati. Kila mwungano hufungwa kwa klipu ya chuma. Baada ya kujaza maji tena, hewa iliyonaswa hutolewa kwa kuiacha injini izunguke na hita ikiwa wazi, na kiwango cha maji hukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Hewa ikibaki ndani, sehemu ya injini hukosa maji, hupata joto kupita kiasi, na gasketi ya silinda hedi huungua. Kuharibikiwa hivyo kati ya Itigi na Rungwa kwa sababu ya klipu iliyolegea ni gharama kubwa mno kulinganisha na raha ya kuoga maji ya moto, na ndiyo sababu mafundi wengi waangalifu huweka vali mbili za kufunga: kibadilishajoto kikivuja, hutengwa na gari huendelea na safari.

Jambo lisilotarajiwa na wengi ni kwamba injini ya dizeli iliyo kwenye mzunguko wa chini kabisa hutoa joto dogo. Kupasha lita 3 kwa dakika kwa nyuzi 20 kunahitaji zaidi ya kilowati 4, na injini kubwa ikiwa imesimama huweza kupoa yenyewe wakati mtu anaoga. Baadhi huongeza mzunguko hadi 1,200 au 1,500 kwa dakika. Njia bora ni kufika kambini na kupasha maji mara moja, injini ikiwa bado ya moto, kwa kuyazungusha kutoka kwenye ndoo kupitia kibadilishajoto na kuyarudisha ndooni hadi yafikie nyuzi 40. Kisha injini huzimwa. Anayeoga huwa na maji ya joto moja, kelele hakuna, na hakuna hatari ya maji kupanda ghafla hadi nyuzi 70 pampu inapopunguza kasi. Muda wote injini inapowaka, gari huwa kwenye gia huru na breki ya mkono, na ekzosi ielekezwe mbali na hema na pazia la kuogea.

Maji yaliyopita kwenye kibadilishajoto hayanywewi wala hayapikiwi chai. Sahani ikitoboka, maji ya rejeta huingia humo, na dawa ya rejeta yenye ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu.

Hita ya gesi

Hita ya gesi ya papo kwa papo huwaka yenyewe maji yanapoanza kupita. Ina nguvu ya kutosha kutoa lita 4 au 5 za maji ya kuoga kwa dakika, huwashwa na betri mbili ndogo, na huhitaji pampu ya volti 12 yenye fyuzi yake. Hutundikwa nje, kwenye mti au ubavu wa gari, wima, mahali penye hewa lakini palipokingwa na upepo wa moja kwa moja. Upepo ukizima moto, hita nzuri hukata gesi. Isiyo na kinga hiyo haifai kununuliwa hata ikiwa ya bei ya chini.

Viungo vya mpira na regyuleta hukaguliwa kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Povu likivimba, gesi inavuja. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti kumeunguza watu wengi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, hivyo mtungi haulazwi ndani ya gari lililofungwa. Husafirishwa ukiwa umesimama, umefungwa kamba, na vali yake imezimwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko mlipuko ni monoksidi ya kaboni. Gesi hii hutokea moto unapokosa hewa ya kutosha, nayo haina rangi wala harufu. Hukamata damu na kuizuia isibebe oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mtu aliyechoka kwa safari huzichukulia kuwa uchovu tu. Si jambo geni katika nyanda za baridi za Afrika Mashariki watu kukutwa wamekufa asubuhi baada ya kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba. Hema ni chumba kidogo zaidi, na turubai lililoloa huzuia hewa karibu kama ukuta. Kwa hiyo hita ya gesi, jiko la mkaa na injini inayowaka havitumiki ndani ya hema, wala kwenye kibanda cha kuogea kilichofunikwa juu, hata kwa dakika tano na hata kukiwa na mvua. Mtu anayepata dalili hizo hutolewa nje kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali. Kumpa maziwa, kama inavyosemwa mitaani, hakuiondoi gesi kwenye damu.

Umeme wa betri

Hita ya kuzamisha ya volti 12 hupendwa na wanaoona gari lina umeme tayari. Lakini kupasha lita 10 kwa nyuzi 20 hula takriban saa-ampea 20. Betri ya kuwashia gari, hata ya saa-ampea 100, haikutengenezwa kutolewa umeme mwingi namna hiyo kila jioni, na hita ya wati 150 huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Hufaa kwa kikombe cha chai.

Chumvi, utando na maji ya kuazima

Maji mengi ya visima vya katikati ya Tanzania yana madini mengi. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo mjini Singida ni ya chumvi, na maji yake hayafai kwenye hita yoyote. Hata maji ya kisima yanayoonekana safi huacha utando mweupe ndani ya birika, kwa kuwa joto hugeuza madini ya kalsiamu yaliyoyeyuka kuwa chokaa ngumu. Ndani ya birika utando huo ni kero tu. Ndani ya kibadilishajoto au hita ya gesi, ambamo njia za maji ni nyembamba, huziba na kupunguza joto. Siki au maji ya ndimu yaliyozungushwa kwa nusu saa na kusuuzwa huyeyusha sehemu kubwa ya chokaa. Kichujio cha wavu mwanzoni mwa mpira wa pampu huzuia mchanga.

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika baadhi ya visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, huongezeka kidogo. Kwa kuoga hilo si tatizo.

Vijijini maji husimamiwa na vyombo vya jamii chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na huuzwa kwa ndoo au dumu kwenye vituo vya kuchotea. Gari la wageni linalojaza madumu sita wakati foleni ya asubuhi ni ndefu huwachelewesha wanafunzi na akina mama. Kawaida ni kujitambulisha kwanza kwa ofisi ya serikali ya kijiji, kuomba mahali pa kupiga kambi, na kuchota mchana ambapo foleni hupungua, kwa bei ileile wanayolipa wenyeji. Maji ya sabuni humwagwa kwenye shimo mbali na kisima, lambo na njia ya mifugo, maana mbuzi hunywa chochote wanachokikuta.

Maji ya vuguvugu yaliyobaki ndani ya mipira na mfuko hukuza bakteria, wakiwemo Legionela, ambao huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45 na huingia mapafuni kwa matone madogo ya shawa. Kila baada ya kuoga mfumo humwagwa wote, koki huachwa wazi, na mfuko hutundikwa kichwa chini hadi ukauke. Vifaa vilivyokaa stoo tangu msimu uliopita husuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka.